Watoto Kumi na Mmoja Walishtuka

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo kama mtu aliyepandisha kilima, halafu inaendelea pale pale ilipoachia. Mwalimu Subilaga hakuwahi kuisikia hata siku moja, lakini aliijua kuliko wenye masikio. Aliijua kwa ubaridi wa kioo cha dirisha, kwa harufu ya majani ya chai yaliyolowa, na kwa namna watoto walivyolala fofofo inaponyesha taratibu.

Siku hiyo ilinyesha kwa hasira. Ilikuwa saa nane mchana, saa ya kuchaji. Watoto kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka mnene wa sponji, mikono mitupu, na bangili zao zimepangwa kwenye sinia la chaja ukutani, zikimetameta kijani. Nusu saa hiyo, kila siku, kituo cha kulelea watoto kilikuwa kimya. Mikono midogo iliendelea kusema, lakini hakukuwa na kitu cha kuitolea sauti.

"Maziwa," alisema mtoto mmoja, akikamua hewa kwa ngumi.

"Bado," Subilaga akamjibu kwa mikono. "Subiri kwanza."

Mtoto akamwangalia kwa dharau yote ya miezi kumi duniani, kisha akamgeuzia mgongo.

Radi ikapiga.

Subilaga aliiona dirishani, mwanga mweupe uliomulika mpaka chini ya vitanda. Basi akafanya alichozoea kufanya tangu aanze kazi hii: akawatazama watoto. Kwake yeye ngurumo ilikuwa kitu cha kusomwa kwenye nyuso za watu wengine. Akahesabu moyoni, moja, mbili, na mara watoto wakajikunja kama majani ya kifauongo yaliyoguswa. Midomo ikaachama, machozi yakatoka, mmoja akaanguka chali.

Kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa anamwangalia yeye. Ikupa, binti wa miezi kumi na saba, aliuona mwanga na mwanga ukampendeza. Akapeleka ngumi karibu na shavu, akaifumbua ghafla, vidole vyote vitano. Halafu akagusanisha vidole vya mikono yote miwili: tena, nataka tena. Kisha akageuka, akawaona wenzake wanalia, akawa kama mtu aliyefika msibani bila kuambiwa nani amekufa. Mtetemo ulipopita kwenye ukuta aliouegemea, akaweka kiganja chake pale na kukituliza, akiusikiliza.

Subilaga naye alikuwa na kiganja ukutani.

Chumba kile kilikuwa na watu kumi na watatu. Wawili hawakushtuka.

*

Matroni alikuja mbio, kanga imelowa mabegani. Jina lake halisi watu walishalisahau, wote walimwita Mama Gwamaka, na alikuwa na mwili wa kutosha kubeba watoto wanne kwa mkupuo. Akawabeba wanne. Maneno yake yakaanza kupita kwenye miwani ya Subilaga, herufi nyeupe pembeni ya jicho.

"Jamani, jamani. Hii radi ilitaka kuingia ndani kabisa. Wamelia wote?"

Subilaga alikuwa ameshavaa bangili zake. Zilikuwa za watu wazima, zenye maneno elfu ishirini, na sauti aliyopangiwa ilikuwa ya msichana mchangamfu kama anayetangaza sabuni. Alishawahi kutoa taarifa ya msiba kwa sauti hiyo, na watu wakatabasamu kabla ya kuelewa.

Mikono yake ikasita hewani.

"Wote," ikasema sauti ya sabuni.

"Maskini. Wavalishe basi, wazazi wanakaribia. Mama yake Ikupa leo anawahi, kiwandani kwao umeme umekatika."

Subilaga akaanza kuwavalisha. Bangili za watoto zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Zilisoma misuli ya mkono, zikatambua alama, zikapeleka neno kwenye kifungo alichobandika mzazi kifuani, na kifungo kikasema: maziwa, baridi, baba, inauma. Maneno mia tatu. Mtoto wa miezi minane aliweza kumwambia mama yake kwamba sikio linamuuma, badala ya kulia usiku kucha watu wakimpa maji ya sukari. Zilipokuja, watu walishukuru Mungu. Wengine walikuwa wamezika watoto kwa maradhi ambayo mtoto hakuweza kuyataja.

Na bangili zilifanya jambo jingine, ambalo watu walilizoea mpaka wakaacha kulifikiria. Mzazi akiita jina la mtoto, kifungo kilisikia, na bangili ikamtekenya mtoto mkononi. Kazi yake ni kumfundisha kugeuka anapoitwa.

Subilaga akamvisha Ikupa bangili ya kushoto, kisha ya kulia. Kwa miezi kumi tangu aletwe kituoni, mtoto huyu aligeuka kila alipoitwa. Aligeuka haraka kuliko wenzake wote.

Akaenda kufungua faili. Kuzaliwa, masikio yalipimwa, mazima. Miezi mitano, homa ya uti wa mgongo, wiki tatu wodini. Miezi saba, kuletwa kituoni, kuvishwa bangili. Baada ya pale hakuna aliyempima tena, maana nani anapima masikio ya mtoto anayeitika?

Akatazama tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole. Siku kumi na tisa.

*

Siku kumi na tisa kabla ya nini? Kabla ya mlango kufungwa.

Kulikuwa na mbegu. Kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, kinapandwa nyuma ya sikio, kinaota mizizi kwenda kwenye ubongo, na baada ya wiki sita mtoto anasikia. Lakini ilikuwa lazima ipandwe kabla mtoto hajatimiza miezi kumi na minane. Ikipita hapo haishiki, inakaa tu kama kokoto. Na iliposhika, madaktari walikuwa na sharti moja: mikono ilale mwaka mzima. Mtoto asioneshwe alama hata moja, ili ubongo ufuate sauti, usirudi kwenye njia ya zamani.

Ndiyo maana shule ya viziwi aliyosoma Subilaga, kule juu kilimani, sasa ilikuwa ghala la majani ya chai. Hakuna aliyeifunga kwa ubaya. Watoto waliacha tu kuja. Mwaka mmoja waliingia saba, mwaka uliofuata watatu, halafu mwalimu mkuu akakaa getini muhula mzima akingoja. Wenzake wakatawanyika. Wa mwisho aliyebaki naye kwenye mazungumzo alikuwa Atupakisye, aliyehamia Mpanda; walipigiana simu ya picha kila Jumapili, wakasengenya dunia nzima kwa mikono mpaka simu zikazima chaji. Atupakisye alifariki miaka mitatu iliyopita.

Tangu hapo hakuna mtu aliyemwita Subilaga kwa jina lake.

Sisemi hilo la kwenye kitambulisho. Viziwi wana desturi yao: jina la alama halitoki kwa mzazi wala kwa anayesikia. Linatoka kwa kiziwi mwenzako, anayekutazama siku nyingi mpaka ajue wewe ni nani, na ukishapewa, umekuwa wa kwao. La Subilaga alipewa akiwa na miaka sita, wiki aliyoanguka kwenye ngazi za bweni akapasuka kidevu: kidole kimoja, kinapita kwenye kidevu mara mbili. Kila siku jioni kabla hajaondoka kituoni, watoto karibu wote wakishachukuliwa, alisimama mbele ya kioo cha dirisha na kujiita. Mara moja tu. Alifanya hivyo ili mikono isisahau.

Watoto wa kituoni hakuwahi kumpa hata mmoja jina. Miaka tisa, zaidi ya watoto mia wamepita mikononi mwake. Aliwafundisha maziwa na baridi na inauma, akawatania, wakamtania, wakawa marafiki zake wa kweli. Kisha wakaanza kusema kwa mdomo. Ilikuwa kila mwaka inaanza vile vile: mtoto anamaliza sentensi kwa midomo huku mikono imeshika biskuti. Wiki inayofuata anamwangalia Subilaga kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. Miezi sita baadaye wanakutana sokoni na mtoto anajificha kwenye gauni la mama yake.

Kwa hiyo hakuwapa majina. Ungempa mgeni ufunguo wa nyumba?

Siku mbili baada ya radi, saa ya kuchaji, wengine wote wamelala, Ikupa alikaa mbele yake na kumwonesha tena ule mwanga: ngumi kwenye shavu, inafumbuka. Subilaga akaangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akamgusa Ikupa kifuani kwa kidole, wewe, kisha akaweka ngumi yake mwenyewe kwenye shavu na kuifumbua.

Mtoto akatulia. Akajigusa kifuani. Akaweka ngumi shavuni, akaifumbua taratibu sana, kama anayefungua zawadi.

*

Siku zilizofuata Subilaga aliishi kama mwizi mwenye furaha.

Alimfundisha Ikupa maneno yasiyokuwemo kwenye yale mia tatu. Ukungu. Uongo. Mbona. Wewe na mimi. Alimfundisha kumsengenya Mama Gwamaka, kwa kuvimbisha mashavu na kutembea kwa kutikisa makalio, na Ikupa alicheka mpaka akapaliwa. Mtoto alikunywa alama kama mchanga unavyokunywa maji. Hakuwa kama wengine, ambao mikono ni daraja tu wanavuka kwenda ng'ambo. Huyu alikuwa anajenga nyumba pale pale.

Atakuwa na mtu wa kuongea naye, Subilaga alijisemea. Na mimi je? Nitakuwa na miaka sitini, yeye atakuwa ishirini. Tutakaa barazani.

Kumi na nne. Kumi na mbili. Alikuwa anahesabu na kujifanya hahesabu.

Siku ya kumi na moja tangu radi, mama yake Ikupa alikuja mapema. Jina lake Tusajigwe, mwonjaji chai wa kiwandani, mwanamke mwembamba mwenye macho ya usingizi na maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Mwalimu, leo nimeonja vikombe mia na arobaini. Nikikohoa nasikia chai. Nikipiga chafya, chai. Mume wangu anasema nikimbusu hahitaji kifungua kinywa."

"Weka sukari," ikasema sauti ya sabuni.

Tusajigwe akacheka, kisha akaita, "Ikupa! Njoo mama."

Bangili ikamtekenya mtoto. Ikupa akageuka.

"Unaona? Sijamaliza hata jina. Huyu mtoto ana masikio ya sungura." Akampokea mapajani. Ikupa akainua mikono mbele ya uso wa mama yake na kuanza kusimulia: ukungu, asubuhi, nyumba imepotea, imerudi. Maneno mazuri, yamepangwa. Kifungo kifuani kwa Tusajigwe kikasema, "Asubuhi. Nyumba." Kisha kikanyamaza.

Tusajigwe hakuwa anatazama ile mikono. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakitazama kifungo.

"Hivi vifungo navyo. Siku hizi vinakatakata. Naona mikono inaenda, halafu kimya. Itabidi nikilete mkakitengeneze."

"Wewe unajua alama ngapi?" Subilaga akauliza.

"Mimi?" Tusajigwe alishangaa kweli. "Nijue za nini, wakati kifungo kinaniambia? Mwalimu, mimi nikitoka kazini hata jina langu sijui. Na bangili zenyewe si mnazichukua akifika miaka miwili? Atakuwa anaongea. Amechelewa tu huyu, wenzake wanasema dada, wanasema kaka. Mvivu. Kazoea kusemewa, kama baba yake."

Ikupa alikuwa amesimamisha mikono. Alimwangalia mama yake aliyekuwa anaongea na kifungo, akangoja. Akarudia: nyumba imepotea, imerudi. Akangoja tena. Halafu akaishusha mikono mapajani, akaikunja, akakaa kimya kama mtu mzima kwenye foleni.

Subilaga alimfahamu mtoto yule. Yeye mwenyewe utotoni alikaa hivyo hivyo, miaka mingi, jikoni kwao Kiwira.

Mama yake mzazi alijua alama tatu. Kula. Njoo. Lala. Hakuwa mama mbaya. Alimpenda, alimfunga sweta mpaka kwenye shingo, aligombana na watu kwa ajili yake. Lakini miaka thelathini waliongea kwa maneno matatu. Na siku aliyokuwa anakufa alimshika mkono, akauachia, akafanya alama ya nne. Kiganja kwenye paji la uso, kisha kinashuka, kisha kinageuka juu. Akaifanya mara mbili, macho yamemtoka, anataka kueleweka. Subilaga hakuijua. Haikuwa alama ya mahali popote. Mpaka leo, akiwa anaosha vyombo, mkono wake unaenda wenyewe kwenye paji la uso, unashuka, unageuka. Anajaribu kuisoma.

Miaka miwili, na bangili zinachukuliwa. Huyu mwanamke mwenye maneno mengi ataamka asubuhi na mtoto asiyemjua. Na mtoto atakuwa na Subilaga, ndiyo, kwa zile saa nane za kituoni. Zile nyingine zote atazikaa jikoni, mikono imekunjwa, anangoja.

Nilikuwa namtafutia nani mtu wa kuongea naye, Subilaga akajiuliza, mtoto au mimi?

Akaanza kuinua mikono ili aseme. Akaishusha. Hakutaka ile sauti ya sabuni imwambie mama wa mtu jambo hili kwa kuchangamka.

Akavua bangili zake, akaziweka chini. Akamchukua Ikupa kwenye mapaja ya mama yake, akamvua na yeye, akamkalisha kwenye sponji, mgongo kwa mama yake, akampa kikombe cha plastiki. Kisha akamwelekeza Tusajigwe kwa kidole: mdomo wako. Mtoto. Muite.

"Nimuite? Si yupo hapa." Herufi zilipita kwenye miwani. "Ikupa."

Mtoto akazungusha kikombe.

"Ikupa. Wewe Ikupa. Ikupa mama, geuka." Tusajigwe akatabasamu kidogo. "Kanuna."

Subilaga akaelekeza tena. Muite.

Akaita. Akaita kwa nguvu, miwani ikaandika kwa herufi kubwa. Akapiga makofi. Mama Gwamaka akatokeza mlangoni kuona kelele za nini. Tusajigwe akashika sinia la chaja, akalipiga ukutani kwa kijiko mara tatu, watoto wanne wakaamka wakilia. Ikupa akachungulia ndani ya kikombe. Akaingiza kidole. Akakitoa.

Subilaga akamvisha bangili, akamwonesha Tusajigwe kwa mkono: sasa.

"Ikupa," Tusajigwe akanong'ona.

Mtoto akageuka, akacheka.

Akamvua. Tusajigwe akaita mwenyewe, bila kuelekezwa. Midomo ilikuwa inaonekana, lakini miwani haikuandika kitu, maana sauti haikutoka. Mtoto alikuwa ameshageukia kikombe chake.

Watu watatu wazima walisimama pale, na mvua ikaendelea na mambo yake.

Tusajigwe akaokota bangili za Subilaga sakafuni, akampa mkononi. "Vaa. Nataka uniambie. Umejua lini?"

"Siku ya radi," ikasema sauti ya sabuni kwa furaha. "Siku kumi na moja zilizopita."

"Siku kumi na moja. Zimebaki ngapi za mbegu?"

"Nane."

"Na ungenyamaza mpaka lini?"

Angeweza kusema alikuwa anataka kuhakikisha. Mama Gwamaka, mlangoni, alikuwa anamwombea kwa macho aseme hivyo.

"Siku nane," Subilaga akasema. "Nilitaka abaki na mimi."

Tusajigwe hakumpiga. Ingekuwa nafuu. Alimbeba mtoto wake, akasahau mwavuli, akasahau kifuko cha nguo, akatoka kwenye mvua. Kichwa cha Ikupa kilionekana juu ya bega lake mpaka kwenye kona. Mikono ilikuwa imebanwa ndani ya kanga, haikuweza kusema kitu.

*

Walimsimamisha kazi mwezi mmoja, na baada ya hapo ingeonekana. Mama Gwamaka ndiye aliyemwandikia barua, akaiandika huku anafuta pua. "Ungesema hukuwa na uhakika, mwanangu. Neno moja tu. Kwani Mungu angekunyang'anya nini?"

Siku ya nne tangu Tusajigwe atoke kwenye mvua, Subilaga alikwenda kituoni kuchukua sweta lake na kikombe chake. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, watoto wengine bado hawajafika. Gari jeupe lilikuwa limesimama getini, taa zinawaka, dereva anakunywa chai, na Tusajigwe amekaa kwenye mkeka wa sponji kana kwamba ndiye aliyeachwa hapo alelewe. Ikupa yuko pembeni yake. Bangili zake ziko juu ya meza, zimefungwa kwenye mfuko.

"Tunakwenda hospitali," Tusajigwe alisema. Macho yalikuwa hayana usingizi tena, yalikuwa hayajalala kabisa. "Mbegu inapandwa kesho. Bangili hawazitaki kule, zinaingiliana na mashine. Wiki sita, Mwalimu. Atakuwa kafungwa bandeji kichwani, hasikii, ana maumivu, na mimi nimekaa kitandani kwake. Nitamwambia nini?"

Subilaga alisimama na sweta mkononi.

"Sijakusamehe," Tusajigwe akasema. "Nifundishe."

Basi wakakaa. Maji. Inauma. Inauma wapi. Imekwisha. Mama yupo. Vidole vya Tusajigwe, vinavyoweza kuchagua jani bovu katika gunia zima, vilikuwa vigumu kama vijiti. Alisema "mama yupo" ikatoka kama "mama kapotea", na Ikupa akaukunja uso kwa wasiwasi. Subilaga akamshika vidole, akavipanga. Akarudia. Mara ya tano Ikupa akauliza kwa mikono, mama yuko wapi, kumjaribu. Na mama yake, ulimi umeng'ang'ania kwenye kona ya mdomo, akajibu: mama yupo.

Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama usoni, kisha mikononi, kisha tena usoni, kama mtu aliyeona sanamu inapepesa macho.

"Na nikitaka kumwita?" Tusajigwe aliuliza, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Anitazame. Nitamwitaje bila bangili?"

Subilaga akatazama ukungu dirishani. Kisha akaweka ngumi kwenye shavu, akaifumbua.

"Ndiyo jina lake," ikasema ile sauti. "Nilimpa mimi. Mguse bega, akigeuka mwite."

Tusajigwe akamgusa mtoto wake bega. Akamwita. Ikupa akajigusa kifuani: mimi.

"Wanasema baada ya wiki sita mikono ilale mwaka mzima," Tusajigwe akasema polepole, bila kumwangalia mtu. "Eti nisimwoneshe chochote."

"Ndivyo wanavyosema."

"Hilo tutalionea huko huko."

Dereva akapiga honi. Subilaga aliijua kwa sababu Tusajigwe alishtuka. Wakatoka wote mpaka getini, na pale mlangoni mwa gari Ikupa, mikononi mwa mama yake, akapitisha kidole kwenye kidevu, mara mbili.

"Na hii?" Tusajigwe akasema. "Nilitaka kukuuliza. Anafanya hivi kila asubuhi tukikata ile kona ya kuja hapa. Kifungo hakisemi kitu. Nilidhani ni meno yanamsumbua."

Subilaga hakuwahi kumfundisha. Hakuwahi kumfundisha mtoto yeyote. Jioni moja tu, labda nyingi, mama yake alipochelewa kiwandani, mtoto alikuwa amekaa nyuma pale kwenye sponji, anatazama mgongo wa mwalimu wake na uso wake kwenye kioo.

Kila asubuhi. Kwenye ile kona.

Mikono yake ilikataa kuinuka. Tusajigwe akangoja. Alikuwa anaitazama ile mikono sasa, na kifungo hakukiangalia, maana hakuwa nacho.

"Ni mimi," Subilaga akasema mwishoni. "Ananiita."

Tusajigwe hakujibu kwa mdomo. Alihamisha mtoto mkono wa pili, akainua kidole kimoja chenye rangi ya chai iliyoingia kwenye kucha, akakipitisha kwenye kidevu. Akasimama, akafikiri. Akapitisha tena, mara ya pili.

Wakapanda. Gari likaingia kwenye ukungu, taa nyekundu zikaonekana kidogo, zikapotea.

Subilaga akarudi ndani kuchukua kikombe chake. Mkeka ulikuwa bado umebonyea mahali walipokaa watu watatu. Akapita mbele ya dirisha, akasimama kwa mazoea, akauona uso wake kwenye kioo na nyuma yake chumba kitupu. Mkono ulikuwa umeshafika nusu ya njia.

Akaushusha. Siku hiyo hakujiita.